Jino la kupandikiza limetoka, mke wangu anamlaumu daktari, na mimi nina siri

Shikamoo dada.

Mimi ni mwanamume wa miaka 46, naishi Dar es Salaam, na kazi yangu ni kusherehesha: harusi, sendofu, kipaimara, hata mahafali nikiitwa. Miaka mitatu iliyopita nilianguka na bodaboda maeneo ya Tabata. Mguu uliungua kwenye ekzosi, kidonda kikachukua karibu miezi miwili kukauka, na jino moja la mbele la juu lilivunjikia ndani ya fizi, ikabidi ling'olewe.

Kwa mtu wa kazi yangu pengo la mbele si jambo dogo. Nilijifunza kucheka mdomo umefumbwa na kushikilia maiki juu kidogo ili inifiche. Kamati za harusi siku hizi zinaomba video kabla ya kukuita. Nadhani nimekosa kazi nyingi kwa ajili ya video hizo.

Mwaka jana mke wangu alipokea zamu yake ya upatu, milioni 3 na laki 2. Anauza juisi na ubuyu nyumbani, na hela ile ilikuwa ya friji. Siku hiyo akaniambia, "Baba Salma, friji itasubiri, twende tukaweke jino." Tukaenda wote. Daktari akatueleza kwamba atatoboa taya, ataweka kiskrubu cha titani, tutasubiri miezi minne mfupa ukishike, ndipo aweke jino juu yake. Akaanza kujaza fomu. Una presha? Una sukari? Unatumia dawa yoyote ya mifupa? Unavuta sigara?

Mke wangu alikuwa kwenye kiti cha pembeni, amepakata pochi yenye zile hela. Nikasema sivuti.

Dada, navuta. Baba yake alikufa kwa saratani ya koo na yeye ndiye aliyemuuguza, kwa hiyo kabla ya ndoa nilimwapia kwamba nimeacha. Na kweli niliacha, miaka sita. Kisha zile saa za usiku nje ya kumbi, ukisubiri maharusi wanaochelewa, zikanirudisha. Usiku wa shughuli navuta 10 hadi 12, siku za kawaida nne au tano. Nina shati la pili kwenye buti la gari na karafuu mfukoni.

Kuhusu sukari, mama yangu anayo, kwa hiyo nilijihami. Siku tatu kabla ya kwenda sikugusa soda wala chai yenye sukari. Walinipima kidoleni, wakasema iko sawa.

Baada ya kuwekewa kile kiskrubu nilikaa siku tano bila sigara kwa sababu ya maumivu. Siku ya sita kulikuwa na harusi. Daktari alinipa pia kisahani cha plastiki chenye jino la muda, akasema nikivae mbele za watu tu, nikitoe wakati wa kula na kulala. Niseme ukweli, sikukitoa. Nilikula nacho pilau, nikalala nacho. Baada ya miaka mitatu ya pengo, kujiona kwenye kioo na jino kulinilevya.

Mwezi wa nne tulirudi kuwekewa jino lenyewe. Daktari alipoanza kukaza kipande cha juu, kiskrubu chote kikazunguka. Sikusikia maumivu hata kidogo. Akakichomoa kwa vidole, kama unavyochomoa kijiti kwenye embe lililoiva sana, akakiweka juu ya shashi. Kilikuwa kinang'aa, hakina hata chembe ya mfupa. Akasema mfupa haukushika, huwatokea watu wachache. Kisha akaitazama fomu yangu, akauliza tena, "Huvuti, sivyo?" Kabla sijafungua mdomo mke wangu akajibu, "Mume wangu havuti."

Daktari amesema tusubiri miezi mitatu, atarudia kwa nusu ya gharama. Mke wangu hataki kusikia. Kaka yake ndiye anayemtia moto: anasema ule ni utapeli, chuma hakiwezi kuota ndani ya mtu. Mke wangu ameshaandika maneno ya kuposti, yenye jina la kliniki na picha ya daktari, na anasema Jumatatu atakwenda kushtaki kwenye baraza la madaktari. Kiskrubu amekifunga kwenye foili na kukiweka kwenye droo ya kabati kama ushahidi. Nikitoka kazini alfajiri naiona ile droo.

Usingizi umenipaa. Naamka mara tatu kwenda haja ndogo, nakunywa maji, narudi kulala nikiwa macho. Nikipitiwa, mke wangu anasema nasaga meno mpaka anaamka, na ameshaninunulia dawa ya minyoo mara mbili.

Nikisema ukweli, namvunja mke aliyetoa friji yake kwa ajili yangu. Nikinyamaza, daktari asiye na hatia atachafuliwa kwa sigara zangu. Na je, nirudie hilo jino au nibaki na pengo langu?

Mshereheshaji, Dar es Salaam

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kabla ya kushika safu hii nilikuwa muuguzi kwenye kliniki ya kinywa na meno, na mazoea hayo hayajanitoka.

Nikikuelewa vizuri, wewe unasema: nilidanganya, kiskrubu kikatoka, basi mwenye kosa ni mimi na daktari ni msafi. Mkeo anasema: tulilipa, kiskrubu kikatoka, basi mwenye kosa ni daktari. Mmepishana jina la mshtakiwa tu. Wote wawili mmeshahukumu, na kati yenu hakuna aliyewahi kuona habari yote ikiwa mahali pamoja. Hata daktari hajaiona.

Tumalizane na shemeji kwanza, kwa kuwa huyo ni mwepesi. Chuma hakioti, hapo amesema kweli. Mfupa ndio unaota na kukikumbatia chuma. Mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aliligundua hilo mwaka 1952 akiwa anachunguza mambo mengine kabisa kwenye mifupa ya sungura: vifaa vyake vya titani viligoma kutoka, mfupa ulikuwa umevishika. Mwaka 1965 alimwekea mtu wa kwanza meno ya namna hiyo, na yalimtumikia zaidi ya miaka 40. Leo kati ya vipandikizi 100 vinavyowekwa vizuri, karibu 95 bado vimesimama baada ya miaka 10. Utapeli upo mjini, siukatai, lakini hii si kazi ya kitapeli.

Sasa sigara. Hapo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na kidonda cha mfupa kinaishi kwa damu. Seli zinazojenga mfupa mpya zinafika kwa kuchelewa na zinafika chache. Tafiti nyingi zimekuta kwamba kwa mvutaji hatari ya kipandikizi kutoshika ni kama mara mbili ya asiyevuta. Siku zile tano ulizopumzika hazikutosha: ushauri unaotolewa sana ni kuacha walau wiki moja kabla ya upasuaji na wiki 8 baada yake, na anayeweza aache moja kwa moja. Lakini kaa na hesabu hiyo vizuri. Mara mbili ya namba ndogo bado ni namba ndogo. Wavutaji wengi vipandikizi vyao vinashika, na wapo wasiojua hata kiberiti kinauzwaje ambao vyao vilitoka. Sigara huongeza uwezekano, haiandiki jina lake kwenye kiskrubu. Kwa hiyo unapoandika "kwa sigara zangu" kana kwamba umeshaonyeshwa picha, nakuuliza: nani amekuonyesha?

Nauliza kwa sababu barua yako ina mengine, na umeyapitia mbio.

Kile kisahani, kwa mfano. Kiskrubu kipya kinataka kutulia. Kikichezacheza hata kwa kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita na kidogo, tena na tena, mwili unaacha kujenga mfupa pembeni yake na kuweka nyama laini, kama kovu. Nyama hiyo haishiki kitu, ndiyo maana kilizunguka na kutoka kiking'aa bila maumivu. Wewe ulikula pilau na kulala na kisahani kinachokandamiza mahali pale pale. Na ulilala ukisaga meno! Dawa ya minyoo mwachie mwenye minyoo. Kusaga meno usingizini kwa mtu mzima huhusishwa zaidi na mawazo, pombe, kahawa nyingi, na samahani, sigara. Lichukue kwa uzito ukifikiria kurudia, kwa sababu jino la asili limekalia utando mwembamba unaopokea mshindo na kumpa mtu habari kwamba anauma kwa nguvu kupita kiasi. Kipandikizi hakina utando huo. Unakiponda usiku kucha na hakikuambii.

Halafu sukari. Hapa naomba usogee karibu kidogo.

Kidonda cha ekzosi, miezi miwili. Mama mwenye sukari. Kuamka mara tatu usiku kwenda haja ndogo, na kila ukiamka unakunywa maji. Inawezekana ni mawazo tu na joto la Dar. Siwezi kukuambia una sukari, na mtu asikuambie hivyo kwa kusoma barua. Ila kipimo cha kidoleni kinasema habari za saa ile, na wewe ulishinda siku tatu ukiipamba saa hiyo. Kipo kipimo kingine kiitwacho HbA1c, kinachosoma wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita, na hicho hakidanganywi kwa kuruka soda tangu Ijumaa. Kikisoma asilimia 6.5 kwenda juu, na kikarudiwa kikasema vile vile, hiyo ni sukari. Mwenye sukari aliyeidhibiti anaweza kuwekewa kipandikizi na kikashika kama cha mtu mwingine. Ile isiyojulikana, inayopanda usiku na mchana bila dawa, ndiyo inayochelewesha kidonda na kukaribisha usaha. Kati ya yote uliyoniuliza na usiyoniuliza, hili peke yake ningelifanya wiki hii hata kama nisingetaka jino tena maishani.

Na daktari? Usimvike kanzu nyeupe mapema. Tundu lake linaweza kuwa chanzo pia. Keekee ikizunguka bila maji ya kutosha huchoma mfupa: nyuzi 47 kwa dakika moja zinatosha kuua seli zake, na mfupa uliokufa hauwezi kukumbatia chochote. Tena pengo lako lilikuwa la miaka mitatu. Jino likishang'olewa, taya mahali pale hukonda, na unene wake unaweza kupungua hadi karibu nusu ndani ya mwaka wa kwanza tu. Je, alipiga eksirei ya pande tatu kuona unene uliobaki, au ile ya kawaida inayoonyesha urefu peke yake? Alisema chochote kuhusu kuongeza mfupa kwanza? Na alipojua mama yako ana sukari, kama alijua, mbona aliridhika na tone la kidoleni? Hayo ni maswali halali kabisa, na mgonjwa anaruhusiwa kuyauliza bila kugombana. Mkeo ana hoja kuliko unavyomfikiria. Tatizo ni kwamba anaijenga juu ya fomu yenye uongo.

Tuje kwenye uongo wenyewe. Umeandika kama mtu aliyemdanganya daktari. Mimi nikikisoma kile chumba, na ile pochi iliyopakatwa, naona ulikuwa unamjibu mkeo, daktari akawa amesimama katikati. Ni kosa la kawaida kuliko unavyodhani, na sisi watu wa kliniki tuna sehemu yetu ndani yake: maswali kama yale hayafai kuulizwa mbele ya mwenza. Nimeona wanawake wakikana dawa za uzazi wa mpango na wanaume wakikana pombe, kisa ni nani amekaa kwenye kiti cha pembeni.

Maana yake ni kwamba una milango miwili, na si lazima ifunguke siku moja.

Wa daktari unaweza kuingia peke yako. Siri ya mgonjwa anatakiwa kuitunza, hata kwa mke. Ukimwambia sigara, kisahani, usiku wako na habari za mama, utakuwa umempa kitu cha kufanyia kazi. Hasara yake ipo: ataandika kwenye faili, na ile nusu ya gharama aliyoahidi anaweza kuirudisha mezani. Akikupa karipio utalimeza.

Mlango wa mkeo ni mzito zaidi na sijifanyi sijui. Ila nikuulize jambo. Mwanamke aliyemuuguza baba yake mpaka mwisho kwa saratani ya koo anaijua harufu ya tumbaku kuliko mimi na wewe. Mume anaingia alfajiri amebadili shati na ananukia karafuu kama pilau ya Idi. Una hakika hajui? Lile jibu alilolitoa haraka, "Mume wangu havuti," linaweza kuwa la mtu asiyejua. Linaweza pia kuwa la mtu aliyeogopa utakachosema. Simjui mkeo, kwa hiyo sitakuchagulia. Ukimwambia anaweza kuumia kwa sigara, akaumia zaidi kwa friji, na zaidi ya vyote akakumbuka kiapo. Hiyo ni kweli na haina njia ya mkato. Usipomwambia, ndoa inaweza kuendelea hivi hivi kwa miaka, watu wanaishi hivyo, lakini basi itabidi utafute namna nyingine ya kumzuia Jumatatu, na sijui utatumia sababu gani isiyo uongo wa pili.

Maana Jumatatu ina mambo mawili tofauti. Kupeleka lalamiko Baraza la Madaktari Tanganyika ni haki ya mgonjwa yeyote, na madaktari wa meno wamo. Kule watataka kumbukumbu zote, ikiwemo ile fomu, na kuna uwezekano ukaulizwa maswali yale yale, safari hii kwa maandishi. Kuposti picha ya daktari ni kitu kingine. Mkeo ataposti akiamini kila neno. Wewe utakuwa umekaa kwenye kochi hilo hilo unajua pana kipande hakipo. Kama huna nguvu ya kusema lote kabla ya siku hiyo, pengine kuna dogo unaloweza kusema leo bila kudanganya: "Mama Salma, kabla hujaposti niache nikaongee na daktari peke yangu, kuna mambo sikumweleza." Atauliza mambo gani, bila shaka. Uwe umejiandaa kwa hilo swali.

Kurudia au kutorudia? Inawezekana kurudia, watu wanarudia. Kipandikizi cha pili mahali pa kwanza kilipotoka kina nafasi nzuri, ila pungufu kidogo ya ile ya kwanza, na pengine utahitaji kuongezewa mfupa, ambayo ni hela nyingine na miezi mingine. Ukirudia na sigara zile zile, kisahani kile kile na sukari isiyopimwa, sioni tumetofautisha nini. Na kikishika kazi haijaisha: fizi za mvutaji hushambuliwa kirahisi, na usaha unaweza kula mfupa kuzunguka kipandikizi miaka mingi baadaye, kimya kimya, damu kidogo tu kwenye mswaki. Kwa msaga meno kuna kinga ya plastiki ya kuvaa usiku, si ghali ukilinganisha na ulichokwisha kutoa.

Lakini pengo la mbele lina dawa nyingine. Lipo daraja la kubandika, jino lenye kibawa kinachogundishwa nyuma ya jirani yake kwa kuligusa kidogo sana, na kwa jino moja la mbele hufanya kazi nzuri, ingawa msaga meno anaweza kulibandua, na likibanduka katikati ya "bwana harusi anaingia" utanikumbuka. Lipo daraja la kawaida, linalotaka majirani wachongwe, na kama majirani zako ni wazima mimi ningesitasita. Lipo jino la kuvaa na kuvua, la bei ya chini kuliko yote, ambalo mwanzoni hukwaza matamshi ya sauti ya "s", nawe unaishi kwa kutamka. Na lipo pengo. Umefanya nalo kazi miaka mitatu na kamati bado zinakuita. Mwanya tunausifia kwenye nyimbo, pengo hatulisifii, najua, lakini pia halikuombi uamue kabla ya Jumatatu.

Ukienda kwa daktari, nenda na kile kiskrubu, foili na yote, na kile kisahani. Mwombe nakala ya eksirei zako, ni za kwako. Na mwambie akupime HbA1c kabla hajakuambia chochote kuhusu nusu ya gharama. Kama kipimo hicho hakipo pale, hospitali kubwa za mjini wanacho.

Kisha niandikie namba iliyotoka. Hayo mengine ukiyafanya au usipoyafanya, niandikie vile vile.